Taa moja ya jipsamu imezimika: jua kwanza kilichokufa kabla ya kufumua dari

*"Shikamoo fundi. Nyumba yetu ipo Kimara, tulihamia miaka miwili iliyopita. Sebuleni tuna taa nane za LED za kuzamisha kwenye dari ya jipsamu, zote zinawashwa na swichi moja. Mwezi uliopita moja ilianza kupepesa kila jioni, ikawa inazimika yenyewe baada ya kama nusu saa, na sasa haiwaki kabisa. Zile saba zinawaka vizuri. Fundi wa mtaani alipanda ngazi, akaitazama bila kuichomoa, akasema waya zimeungua ndani na dari ifumuliwe upande ule. Anataka laki tatu na nusu. Mimi nikaenda Kariakoo nikanunua taa mpya ya wati 9 nikidhani nitaibadilisha kama balbu, lakini ni ndogo, inapita kwenye tundu na kudondoka. Muuzaji amenipa wiki moja niirudishe. Mume wangu yuko kazini Geita, ananiambia nisiguse kitu. Je, ni kweli waya zimeungua? Naweza kubadilisha mwenyewe nikizima swichi ya ukutani? Na inakuwaje taa iliyoandikwa saa 25,000 ife ndani ya miaka miwili? Tuna inveta pia, sijui kama inahusika."*

Marahaba, binti yangu. Inveta inahusika sana, na nitaifikia, kwa sababu ndiyo inayoweza kukudhuru kuliko kitu kingine chochote ulichokitaja. Lakini kwanza tuiweke kando hiyo laki tatu na nusu.

Fundi ambaye hajaichomoa taa hawezi kujua kilichoungua. Taa zako nane zinalishwa na waya mmoja unaotoka kwenye swichi, ukaingia taa ya kwanza, ukatoka kwenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Kama waya ungekuwa umeungua katikati ya mlolongo, taa zote zilizo mbele ya pale zingezimika pamoja. Wewe imezimika moja tu, na wenzake saba hawana shida. Hiyo ni dalili kubwa kwamba waya za nyumba ni nzima na tatizo limo ndani ya taa yenyewe. Kuna jambo linaloweza kunipinga: kiungo cha waya kinachoifikia taa hiyo kinaweza kuwa kimelegea, hasa kama ndiyo ya mwisho kwenye mlolongo. Hata ikiwa hivyo, kiungo kilicholegea hukazwa kwa bisibisi kupitia tundu lile lile la taa. Dari haifumuliwi.

Huenda fundi wako si mwongo. Wapo wengi waliozoea balbu za zamani, ambazo zikifa zinabadilishwa na kazi imekwisha, na balbu mpya ikigoma lawama huhamia kwenye waya. Taa ya LED haiko hivyo. Ina sehemu mbili, na kila moja inaweza kufa peke yake.

Sehemu ya kwanza ni ile unayoiona kutoka chini: kisahani cheupe chenye fremu. Ndani yake mna vichipu vidogo vya LED vimepangwa mfululizo, kimoja kinampokeza mwenzake umeme. Kila kichipu kinahitaji kama volti 3 tu, tena umeme wa moja kwa moja kama wa betri. Umeme wa TANESCO unaofika nyumbani kwako ni volti 230, na unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye vichipu vile, vitakufa papo hapo. Kwa hiyo kuna sehemu ya pili, kale kaboksi keupe ka plastiki kanakolala juu ya dari, kenye waya mbili upande mmoja na plagi ndogo ya duara upande mwingine. Hako ndiko draiva. Madukani wengine wanakaita adapta. Kazi yake ni kuteremsha umeme, kuunyoosha, na kupima kiasi kinachopita ili kisizidi. Ukisoma kibandiko chake utaona maandishi kama "300mA" na "DC 30–42V". Maana yake: mimi hutoa miliampia 300, si zaidi, kwa taa inayohitaji kati ya volti 30 na 42. Ni kazi ngumu, inafanyika ndani ya kijiboksi kisicho na tundu la hewa, juu ya dari, chini ya bati.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la saa 25,000. Ukiwasha taa saa tano kila siku, saa 25,000 ni zaidi ya miaka 13. Namba hiyo si uongo mtupu, ila inasemea vichipu, na inasemea vikiwa kwenye joto ambalo mtengenezaji alilichagua. Kwa kawaida inahesabu muda hadi mwanga upungue kufikia asilimia 70 ya ule wa siku ya kwanza. Haiisemei draiva. Ndani ya draiva mna kapasita, kijikopo kidogo chenye majimaji ndani yake, na majimaji hayo hukauka taratibu kadiri joto linavyopanda. Wahandisi wana kanuni ya jumla kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, umri wa kapasita ya aina hiyo hupungua kwa nusu. Sasa fikiria Dar es Salaam ya Januari, bati limechomwa na jua tangu asubuhi, chini yake hakuna hewa inayotembea, na taa nayo inaongeza joto lake. Kapasita iliyokusudiwa kuishi miaka mingi kwenye nyuzi 40 haiwezi kuishi hivyo kwenye nyuzi 70.

Watu wengi huamini LED haina joto kwa sababu ukiweka mkono chini yake husikii kitu. Mwanga wake kweli hauchomi, lakini mgongo wake unachemka, na mgongo ndio uliofichwa darini. Ndiyo maana nawasihi watu wasisukume sufi au magunia juu ya taa hizi, na wasiwaachie panya wajenge viota pale. Panya hupenda joto la draiva, kisha hutafuna waya zilizo jirani.

Dalili ulizoeleza zinalingana na haya yote. Taa inawaka vizuri ikiwa baridi, inapata moto, inaanza kupepesa, inazimika. Ikipoa inawaka tena. Hadi siku inagoma kabisa. Mara nyingi hiyo ni draiva yenye kapasita iliyokauka. Lakini inaweza pia kuwa kichipu kimoja chenye ufa: kikipata joto ufa unafunguka, na kwa kuwa vimepangwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinazimika. Kwa maelezo peke yake siwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili, na hakuna fundi anayeweza. Kuna jaribio rahisi litakalotuambia, na unaweza kulifanya wewe mwenyewe bila kugusa waya hata mmoja wa volti 230, mradi uufuate utaratibu wa kuzima nitakaoueleza sasa.

Swichi ya ukutani haitoshi. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto, ule unaoleta umeme, lakini nyumba nyingi hapa mjini zimefungwa na mtu aliyechanganya, swichi ikakata nyutro, ule unaourudisha. Taa inazimika kama kawaida, wewe unadhani umeme umeondoka, kumbe waya wa moto umefika hadi kwenye taa na unasubiri mkono. Vilevile usifanye kazi hii kwa sababu tu umeme umekatika mtaani au uniti za LUKU zimeisha. Umeme wa mtaani hurudi bila kubisha hodi, na mtu wa nyumbani anaweza kuingiza tokeni akiwa chumbani bila kujua kwamba uko juu ya ngazi.

Sasa inveta. Kazi ya inveta ni kuona umeme umekatika na kuwasha taa kutoka kwenye betri, na hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua. Ukizima mein swichi, inveta haijui kwamba umezima wewe. Inaona umeme umekatika tu, nayo inapeleka volti 230 nyingine kwenye laini ile ile ya taa uliyotaka iwe salama. Pengine mumeo anaogopa hili hasa, na ana haki. Kwa hiyo zima inveta kwanza kwa kitufe chake yenyewe, uhakikishe sauti yake na taa zake za mbele zimekufa. Kisha zima mein swichi. Halafu bonyeza swichi ya sebuleni: zile taa saba zikiwaka, umeme bado unatoka mahali. Simama hapo hapo, usipande ngazi, ita fundi. Zisipowaka, acha swichi ikiwa imezimwa, na mwambie kila mtu ndani ya nyumba asiguse boksi la breka hadi ushuke.

Fanya kazi hii asubuhi, tuseme saa mbili au saa tatu, wakati mwanga wa dirishani unatosha na juu ya dari hapajawa tanuri. Tumia ngazi ya mbao au ya faiba iliyo imara, si stuli ya plastiki juu ya meza. Vaa viatu vyenye soli ya mpira, na mtu mzima aishike ngazi chini. Wengi wanaoumia kwa kubadilisha taa huumia kwa kuanguka, na dari yako ikiwa na kimo cha kawaida bado unaweza kuvunja mkono.

Ingiza ncha za vidole chini ya ukingo wa fremu pande mbili na uivute chini taratibu, sawasawa. Kuna springi mbili zinazoikamata jipsamu kwa juu. Zikifika kwenye tundu hujifyatua na zinaweza kukubana vidole, basi zishike zikiwa bado zimesimama. Usiibandue kwa bisibisi, jipsamu humeguka haraka na tundu likishameguka springi hazina pa kushika. Taa ikitoka, iache ining'inie kwa waya wake mfupi, upige picha kwa simu: kibandiko cha draiva, plagi, na mahali waya za nyumba zinapoingia. Tazama pia kama kuna weusi, plastiki iliyoyeyuka au harufu ya kuungua. Ukiona kimojawapo, jaribio linaishia hapo, na nitakuambia cha kufanya baadaye.

Kama pako safi, subiri dakika moja au mbili ili chaji iliyobaki ndani ya draiva iishe, kisha chomoa ile plagi ndogo ya duara kati ya draiva na kisahani. Nenda kwenye taa jirani inayowaka, ichomoe vilevile, uchukue kisahani chake na kukichomeka kwenye draiva ya taa iliyokufa. Kile kisahani kibovu kichomeke kwenye draiva ya jirani. Ni kubadilishana tu. Visahani vikiwa vimechomekwa na kurudishwa darini, shuka, washa mein swichi, washa taa. Kama kisahani kizima kimewaka kwenye draiva ya taa iliyokufa, draiva ile na waya zake ni nzima, na kilichokufa ni kisahani. Kama kisahani ulichodhani ni kibovu kimewaka kwenye draiva ya jirani, basi kilichokufa ni draiva, au hakuna umeme unaoifikia. Angalia hadi nusu saa ipite, kwa kuwa ugonjwa wako ulikuwa unakuja na joto.

Narudia jambo moja kwa sababu watu wanalivunja wakiwa na haraka: usichomeke wala kuchomoa plagi ile umeme ukiwa umewaka. Draiva isiyo na taa hupandisha volti zake hadi juu kabisa ikitafuta mzigo, na ukikichomeka kisahani wakati huo kinapokea pigo ambalo linaweza kuua vichipu vizima. Ukianza na ugonjwa mmoja utamaliza na miwili.

Jaribio hili linafaa kwa sababu taa zako nane ni za aina moja. Kama kwenye taa yako hakuna plagi, waya zimeingia moja kwa moja kwenye kisahani au kila kitu kimo ndani ya mwili mmoja, basi usikate waya. Hapo mwite fundi aipime kwa mita, kile kifaa cha kupimia umeme.

Tuseme kilichokufa ni kisahani. Hii ndiyo habari nyepesi zaidi. Unanunua seti mpya yenye tundu la saizi ile ile na namba zile zile kwenye draiva, unachomeka kisahani kipya kwenye draiva ya zamani, na hujagusa umeme wa nyumba kabisa. Draiva mpya iliyokuja ndani ya boksi unaiweka kabatini kama akiba. Nakuambia ukweli kwamba draiva ile ya zamani nayo imeshakula miaka miwili ya joto na inaweza kufuata. Lakini kwa mtu asiye na uzoefu naona hiyo ni njia salama kuliko kufungua viungo vya volti 230 bila sababu.

Kwenye namba uwe makini. Miliampia lazima zilingane. Draiva ya miliampia 450 kwenye kisahani cha 300 itawasha taa ing'ae sana na utafurahi, kisha itakiua mapema. Na volti za kisahani lazima ziangukie ndani ya volti zilizoandikwa kwenye draiva, la sivyo taa itapepesa kila baada ya sekunde chache au isiwake kabisa. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa, mama," muonyeshe picha ya kibandiko.

Tuseme sasa kilichokufa ni draiva. Hapa nafikiri umwite fundi umeme, ingawa ni kazi fupi. Sababu yangu ni kwamba kwenye kiungo kile mna zaidi ya waya mbili. Kumbuka ule mlolongo: kuna waya zinazoingia na waya zinazotoka kwenda taa inayofuata. Fundi asiye makini, au wewe kwa mara ya kwanza, akiunganisha mbili na kuziacha mbili, taa zinazofuata zote zinazimika. Tena rangi zinachanganya. Nyumba nyingi hapa Dar zina waya mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro, wakati taa zinakuja kutoka nje na kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Ile ya kijani yenye mstari wa njano ni athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kama fremu ni ya chuma na ina mahali pa athi, ifungwe, isikatwe na kukunjwa pembeni kama ninavyoikuta kila siku. Na kile kibisibisi cha testa chenye kitaa ndani si ushahidi wa kutosha. Kinawaka kwa kupitisha umeme kidogo sana mwilini mwako kwenda ardhini, na ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao na viatu vya mpira kinaweza kugoma kuwaka ilhali waya una moto. Fundi mzuri hupima kwa mita.

Na kiungo kifungwe kwa konekta yenye skrubu au ya kubana, ndani ya kiboksi chake. Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi hazifai darini. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto, tepu inajifungua, na kiungo kinabaki uchi juu ya mbao za dari. Kiungo kilicholegea hutoa cheche na joto bila breka kujua, kwa sababu umeme unaopita bado ni mdogo. Ni moja ya mambo yanayonikosesha raha kila ninapochungulia juu ya dari za nyumba mpya zilizopakwa rangi nzuri.

Kuhusu kurekebisha taa yenyewe: utawakuta vijana hodari wanaofungua kisahani, wanatafuta kichipu chenye doa jeusi, wanakiunganisha pembeni kwa risasi ili umeme ukiruke. Inafanya kazi, na sitawadharau, ni akili. Kwa taa ya draiva nzuri inayoshikilia miliampia zake, kuruka kichipu kimoja hakuna madhara makubwa. Lakini taa nyingi za bei nafuu hazina draiva ya namna hiyo. Ukipunguza kichipu, vilivyobaki vinabeba zaidi na kufa kimoja baada ya kingine. Tena baadhi ya hizo hazina kitenganishi kati ya umeme wa nyumba na bodi ya vichipu, kwa hiyo bodi nzima, hata baada ya draiva, inaweza kukupiga shoti. Kwa balbu ya kibarazani unaweza kujaribu. Kwa kitu kinachokaa juu ya vichwa vya watoto, mimi nanunua kipya.

Turudi Kariakoo, maana wiki yako inakimbia. Ulichonunua ni wati, na kinachotakiwa kulingana kwanza ni tundu. Chukua rula, pima upana wa tundu lenyewe kwenye jipsamu, si upana wa fremu, kwa milimita. Kwenye boksi la taa kuna kipimo cha tundu. Kinaandikwa peke yake, tofauti na kipimo cha fremu. Taa za duara za wati 12 kwa kawaida huhitaji tundu kubwa kuliko za wati 9, na huenda zako za zamani ni za wati kubwa zaidi, ndiyo maana hii mpya imepita. Lakini kila kiwanda kina vipimo vyake, basi usitegemee wati kukisia tundu. Nenda na taa kuukuu mkononi, fremu na draiva yote, uiweke juu ya ile mpya kabla ya kulipa. Kama draiva imebaki darini, nenda na picha yake. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, dakika kadhaa, si kuiwasha na kuizima tu. Chukua risiti.

Usipopata ya saizi hiyo, chagua iliyo kubwa kidogo kuliko tundu kuliko iliyo ndogo, kwa sababu tundu la jipsamu linaweza kupanuliwa kwa msumeno mdogo lakini haliwezi kupunguzwa bila kuziba, kupiga msasa na kupaka rangi upya. Au nunua ya kubandika kwenye uso wa dari kwa chini, isiyohitaji tundu, yenye fremu pana ya kulifunika lote. Haitafanana na wenzake saba, lakini itawaka.

Angalia pia rangi ya mwanga. Namba 3000K ni mwanga wa njano wa kutuliza, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu, 4000K iko katikati. Ukichanganya, jicho litaiona ile moja kila ukikaa kwenye kochi. Hata 6500K za viwanda viwili hazilingani sawasawa. Kwa hiyo ukipata inayofanana kabisa, nunua mbili, moja iwe akiba. Zilizobaki saba ziliwekwa siku moja na hii na zimechemka dari moja nayo.

Je, ubadilishe zote nane? Hapana, si sasa. Zinazowaka ziache ziwake. Ila siku zitakapoanza kufa moja moja, nakushauri uache kununua hizi za kisahani na draiva, ufunge fremu zenye holda ya GU10. Holda ya GU10 inapokea balbu ndogo ya spotilaiti yenye vijiti viwili vyenye vichwa, unaisukuma na kuizungusha kidogo, basi. Inatumia volti 230 moja kwa moja, draiva yake imo ndani ya balbu. Ikifa unabadilisha balbu tu, na viungo vya waya havifunguliwi tena. Gharama ya kwanza ni kubwa kidogo na itabidi fundi afanye kazi siku nzima, lakini baada ya hapo hutamhitaji mtu kwa taa moja. Ubaya wake ni kwamba balbu hizo hutupa mwanga finyu kuliko visahani, kwa hiyo sebule inaweza kuonekana na mabaka ya mwanga na giza. Uliza zenye pembe pana. Na usikubali kuuziwa zile za vijiti vyembamba vilivyonyooka vya volti 12, ambazo zinahitaji transfoma. Transfoma za halojeni za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa, nyingi hazitambui LED ya wati 5, na taa inabaki kupepesa hata ikiwa mpya.

Kuilinda hii utakayoweka: umeme ukikatika, zima swichi za taa, uziwashe dakika chache baada ya umeme kurudi na kutulia, kwa sababu volti mara nyingi hurukaruka wakati wa kurudi. Na uliza inveta yenu ni ya aina gani. Zile za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya draiva hupata joto zaidi zikilishwa umeme huo. Kama taa zenu zilikuwa zikitumia inveta saa nyingi kila wiki, huenda hiyo nayo imechangia.

Sasa, lini usiguse kabisa. Ukiona weusi au plastiki iliyoyeyuka kwenye viungo. Breka ikiruka ukiwasha taa hizo. Ukisikia hata mtekenyo mdogo wa shoti kwenye fremu au kwenye swichi. Ukiona alama ya maji kwenye jipsamu karibu na taa, maana bati linavuja na maji yamefika kwenye umeme. Ukizima kila kitu na bado kuna taa inawaka. Katika hali hizo zima breka ya taa, iache imezimwa, tumia taa ya mezani, na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia huduma za nishati na maji. Muombe akuonyeshe leseni. Aliye nayo haoni haya kuitoa. Tatizo likionekana kwenye mita ya LUKU au kwenye waya unaotoka nguzoni, hapo hata fundi wako hagusi, ni kazi ya TANESCO.

Na yule fundi wa kwanza, kama utamrudia, mwambie achomoe taa mbele yako na akuonyeshe kwa mita mahali umeme unapoishia. Akikuonyesha waya mweusi ulioungua, nitakuwa nimekosea na mlipe kazi yake, ingawa hata waya huo unaweza kuvutwa upya kupitia matundu ya taa mbili zilizo jirani bila kufumua dari. Akikataa kuchomoa, usimlipe.

Mpigie mumeo umsomee sehemu ya inveta, akuelekeze kitufe cha kuizimia. Kesho asubuhi pima tundu, fanya lile jaribio la kubadilishana, na urudi Kariakoo na taa kuukuu, risiti na ile ya wati 9 ikiwa kwenye boksi lake kabla wiki haijaisha.